Uzi: Kutoka kilo 96 hadi 78 hapa Moshi, na mtori bado naula

Mleta uzi

Wanajamvi, amani kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka mingi. Leo naandika kwa sababu wiki hii wanawake watatu wameingia dukani kwangu na swali moja: umefanyaje? Kila mmoja nilimjibu vipande vipande huku nikipima vitambaa, nikaona bora jambo lote nilimwage mahali pamoja.

Nina miaka 44. Naishi Rau, nauza vitambaa mjini, maana yake nakaa kwenye kiti tangu saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni. Urefu wangu sentimita 162. Machi mwaka jana nilipanda mizani nikasoma kilo 96. Kiuno kilikuwa sentimita 109, presha 148 kwa 94. Mama yangu kule Uru anachoma insulini kila siku na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Siku ile niliona wazi kwamba njia aliyopita yeye ndiyo niliyokuwa naipita mimi, tena kwa haraka kuliko yeye, kwa sababu yeye angalau alilima.

Leo ni miezi 14 na nina kilo 78. Ukigawanya ni kilo moja na kidogo kwa mwezi. Nalisema hili mapema ili asiwepo anayesoma akitarajia kilo 10 kwa wiki mbili.

Kabla ya kufanikiwa nilishindwa vibaya. Niliacha ugali, ndizi na wali siku moja, nikawa mtu wa matango na mayai ya kuchemsha. Wiki tatu nikapungua kilo 5, nikashangilia. Mwezi uliofuata zikarudi 7. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba wanga unaohifadhiwa mwilini hukaa pamoja na maji mengi, karibu gramu 3 za maji kwa kila gramu ya wanga. Ukikata wanga ghafla, kitu cha kwanza kuondoka ni hayo maji. Mizani inashuka, mafuta ya tumbo yako palepale, na wewe una njaa ya kulia.

Kosa langu lilikuwa kuulaumu mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama. Kilichonijaza ni vitu ambavyo kichwani mwangu havikuwa chakula kabisa: chai, mafuta ya kukaangia, soda ya ugenini, andazi la saa 4, bia mbili tatu za Jumamosi.

Nianze na chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko 12, na kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4. Gramu 48 kwa siku, karibu kilo moja na nusu kwa mwezi, mimi peke yangu, bado sijagusa soda wala keki. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25, vijiko sita. Mimi nilikuwa navimaliza kabla ya saa 5 asubuhi. Sikuacha kwa siku moja. Nilitoa nusu kijiko kila wiki mbili, tangawizi na mdalasini vikashika nafasi. Sasa nakunywa bila sukari, na chai ya maziwa ya mtu mwingine nikionja naiona kama sharubati.

Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko tisa. Kwetu mgeni haketi bila soda, na ukikataa mwenyeji anaumia. Nilijifunza kuomba mwenyewe kabla hajaagiza: "Mama, nina kiu ya maji kweli." Ukitaja kiu hakuna anayechukia.

Sasa mafuta. Hapa ndipo naomba akina mama mnisikilize kwa makini, maana ndilo jambo lililonisaidia kuliko mengine yote. Nyumbani tuko watano na dumu la lita 5 lilikuwa linaisha ndani ya mwezi. Lita moja kwa kila mtu! Lita moja ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kalori 8,000. Gawanya kwa siku 30, kila mmoja wetu alikuwa anakula kalori 270 na ushee kwa siku za mafuta matupu, ambazo hakuna aliyeziona kwenye sahani. Kinachofanya hivyo ni mkono. Tunamimina kutoka kwenye dumu moja kwa moja hadi kitunguu kielee. Nikanunua kijiko cha chakula cha kupimia, nikakitundika ukutani karibu na jiko. Sufuria ya mboga ya watu watano vijiko viwili, basi. Maharage nayaunga kwa nyanya nyingi, kitunguu na karoti. Dumu sasa linakwenda mwezi na nusu hadi miwili, na fedha iliyobaki ndiyo inayonunua samaki.

Mtori wangu bado ni ndizi mshare na nyama ya ng'ombe. Tofauti ni kwamba supu ya nyama naichemsha usiku, naiacha ipoe, asubuhi mafuta yameganda juu kama sahani nyeupe. Nayaengua kwa kijiko ndipo naweka ndizi. Jaribu mara moja uone unachoengua. Kiburu hakina shida, ndizi na maharage ni chakula kizima, ila nakula bakuli moja na pembeni naweka mnafu au mchicha mwingi.

Kwenye sahani, nusu ni mboga za majani na kachumbari, robo ni ugali au wali au ndizi, robo ni maharage, dagaa, samaki, kuku au nyama. Ugali wangu ni wa dona na ukubwa wake ni ngumi yangu. Naanza na mboga. Hii robo ya protini msiidharau. Mtu anayepungua bila kula protini ya kutosha anapoteza misuli pamoja na mafuta, anabaki mlegevu, na uzito ukirudi unarudi kama mafuta. Maharage, kunde na choroko sokoni Mbuyuni vipo mwaka mzima, na havijawahi kuwa bei ya nyama.

Parachichi ni zuri sana, lakini yale makubwa ya kwetu moja linaweza kupita kalori 300. Nakula nusu. Matunda nayatafuna, siyasagi juisi.

Mazoezi nitaandika chini, wateja wameingia.

Mleta uzi

Nimerudi.

Nilianza masika, tope kila mahali, kwa hiyo wiki ya kwanza nilitembea ndani ya uzio wa nyumba yangu, dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Magoti yaliuma. Wiki ya tatu nikatoka barabarani. Sasa siku tano kwa wiki natembea kutoka Rau hadi mjini, kama dakika 45, mwendo ambao naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Jioni napanda daladala kurudi. Mapendekezo ya kidunia kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Ukitembea nusu saa siku tano umeshafika 150. Hukuhitaji kulipa ada popote.

Ya nguvu nafanya sebuleni. Nakaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, mara 12, mizunguko mitatu. Pushapu nilianza kwa kusukuma ukuta, baadaye ukingo wa meza, na tangu Novemba napiga sakafuni. Ndoo ndogo ya maji ya lita 10 ni kilo 10, nainyanyua kwa mgongo ulionyooka. Hakuna zoezi linaloyeyusha tumbo peke yake. Nilipiga yale ya kunyanyua kiwiliwili mamia, tumbo likabaki. Lilishuka mwili mzima uliposhuka.

Na jambo moja kwa watu wa milimani. Kupanda kuelekea Uru au Kibosho ni zoezi zuri mno, mapigo yanakwenda mbio hata ukitembea taratibu. Kushuka ndiko kunakoumiza magoti, hasa ukiwa na kilo nyingi. Mwanzoni nilikuwa napanda kwa miguu, nashuka kwa daladala.

Mdau wa Sakina, Arusha

Dada mkubwa shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda, nina miaka 29 na kilo 104. Sina jiko, sina mke, nakula kwa mama ntilie mchana, usiku chipsi mayai. Baridi ya huku Juni na Julai ndiyo kabisa, supu na chapati tatu asubuhi. Mambo ya kijiko cha kupimia mafuta mimi nayapatia wapi?

Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, na pole na baridi ya Arusha. Wewe usipime mafuta, wewe chagua sahani. Kwa mama ntilie mwambie hivi: "Mama, wali kidogo, maharage na mboga niongezee." Hakuna anayekataa, maana mboga na maharage kwake ni rahisi kuliko nyama. Supu endelea nayo, ila chapati tatu ziwe moja, na badala ya hizo mbili agiza yai la kuchemsha au ndizi ya kuchemsha moja. Usiku chipsi ndiyo shida kubwa, kwa sababu viazi vinakunywa mafuta, halafu yai linakaangwa juu yake kwa mafuta mengine. Nyama choma ya mbuzi isiyo na mafuta, ndizi moja ya kuchoma na kachumbari nyingi itakushibisha vizuri zaidi. Chagua siku mbili za chipsi kwa wiki, siku nyingine kaa mbali na kijiwe hicho. Pikipiki inakufanya ukae siku nzima, kwa hiyo ukiwa unasubiri abiria simama, tembea uende na kurudi. Jumapili panda kilima cha Suye asubuhi.

Mdau wa Sakina, Arusha

Loshoro vipi? Kwa mama nikienda hiyo haikwepeki.

Mleta uzi

Kunywa mdogo wangu, ni mahindi na maziwa mgando. Kikombe kimoja kiwe ndiyo chakula chenyewe, kisiwe cha juu ya ugali.

Mdau nesi, Moshi

Dada umeandika vizuri, naomba niongeze kama mtu wa wodini. Wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wasianze kufunga wala kukata chakula ghafla bila kumwona daktari wao. Dozi ilipangwa kulingana na chakula. Chakula kikipungua na dozi ikabaki, sukari inashuka, mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, anaweza kuzimia. Wenye vidonge vya presha nao wapimwe mara kwa mara wanapopungua, maana dozi inaweza kuhitaji kushushwa. Wajawazito wasijipunguze. Wanaonyonyesha waende polepole na wale vizuri.

Na msisubiri kufika uzito wa ndoto ndipo mfurahi. Kupungua asilimia 5 tu kunaanza kusaidia presha na sukari. Kwa mleta uzi ilikuwa ni kutoka 96 kufika 91.

Mleta uzi

Asante sana nesi. Nathibitisha. Presha yangu nilipofika 90 ilisoma 132 kwa 84, na sikuwa nimeanza dawa. Mama yangu naye alitaka kunifuata, nikampeleka kwanza kliniki, wakapunguza dozi, ndipo tukabadilisha sahani yake.

Mdau wa Majengo

Kuna majani ya chai ya kupunguza tumbo, wiki moja unaona matokeo. Nimetumia, nilipungua kilo 3. Kwa nini tuteseke kutembea?

Mleta uzi

Dada yangu, naomba nikuulize kwa upendo. Ulikuwa unakwenda chooni mara ngapi kwa siku? Nyingi ya chai hizo zina majani ya kuharisha kama sena. Unachopoteza ni maji na kinyesi, pamoja na chumvi ambazo moyo wako unazihitaji. Mafuta hayatoki kwa njia hiyo. Nilizitumia miezi miwili, nikafika mahali choo hakitoki bila chai. Acha, tafadhali. Kunywa maji, kula mboga na maharage, tumbo litatulia lenyewe.

Mdau wa Machame

Mimi naona mnatafuta matatizo. Mke wangu ni mnene na mzuri, na nyumba yangu inaheshimika. Akikonda watasema simlishi, au watasema mengine mabaya zaidi.

Mleta uzi

Mangi, nashukuru umelisema, maana hili ndilo lililoniumiza kuliko njaa yoyote. Nilipofika kilo 85 minong'ono ilianza. Kanisani mtu alinishika mkono akaniambia atanikumbuka kwenye maombi. Mteja wangu wa miaka kumi alimuuliza binti yangu kama mama "ameshapima". Shangazi alinipigia simu akilia, akaniuliza kama mume wangu ananitesa. Kwetu mwanamke akipungua, watu wana maelezo mawili tu, ugonjwa au ndoa mbaya. Wiki ile nilirudia maandazi, nikapanda kilo 2 ili watu wanyamaze. Nawaeleza kwa sababu najua wapo wengi waliokata tamaa hapo, wala si kwa sababu ya chakula.

Kilichonitoa ni mume wangu. Kwenye kikao cha harusi ya mpwa wetu alisimama akasema mbele ya ukoo mzima: "Mke wangu ana presha, anajitibu kwa miguu yake, na mimi natembea naye Jumamosi." Tangu siku ile maneno yaliisha, na wifi zangu wawili wakaanza kuja. Kwa hiyo kaka, uzuri wa mkeo sina neno nao, yeye ndiye mwenye mwili. Ila mpime kiuno. Kwa mwanamke, kiuno kikipita sentimita 80 hatari ya kisukari na moyo inaanza kupanda, kikipita 88 inapanda sana. Kwa mwanamume ni 94 na 102. Jipime na wewe. Na siku akitaka kuanza, wewe ndiye unayeweza kuzuia hayo maneno usiyoyataka.

Mdau nesi, Moshi

Hapo hapo niongeze neno moja. Anayepungua bila kujitahidi, halafu ana kikohozi, jasho la usiku, kiu au mkojo mwingi, huyo aje kupimwa haraka. Asipongezwe.

Mdau wa Pasua

Swali kwa dada: Desemba ulivukaje? Maana sisi tukipanda nyumbani kula sikukuu ni ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), supu ya kisusio, mbege yetu ya ndizi, kuanzia tarehe 20 hadi mwaka mpya.

Mleta uzi

Nilipanda kilo 2 na nusu, sifichi. Ndafu nilikula, kisusio nilikunywa, na kata ya mbege iliponizunguka nilipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikanywa kidogo nikaipitisha. Nilichokilinda ni mambo mawili. Kila asubuhi nilipanda na watoto hadi kanisani kwa miguu, na sikula mlo wa pili usiku kwa sababu tu mgeni mwingine amefika na sahani zimeletwa upya. Bia nazo zihesabuni, chupa ya nusu lita ina kama kalori 200, na nyama inayosindikiza haijahesabiwa. Tarehe 2 Januari nikarudi kwenye kijiko cha mafuta. Kufikia mwisho wa Januari zile kilo zilikuwa zimeondoka, na Februari nikaenda mbio za Kilimanjaro Marathon, zile fupi za kilomita 5. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea, nikamaliza Uwanja wa Ushirika nikilia.

Mizani napanda Jumatatu tu, asubuhi, kabla ya chai. Nilipokuwa napima kila siku nilikuwa naumwa moyo bure, maana chumvi ya jana au hedhi inatosha kupandisha kilo nzima. Agosti na Septemba uzito haukusogea hata kidogo, wiki saba. Kiuno kikashuka sentimita 3 hukohuko. Kwa hiyo nunua futi ya fundi cherehani, haizidi bei ya soda mbili.

Na usingizi. Nikilala kwa muda wa saa tano tu badala ya saba, kesho yake mkono wenyewe unatafuta maandazi.

Mdau wa Pasua

Dada nimeamua, naanza kesho. Nina kilo 91, sijawahi kufanya zoezi lolote tangu shule. Ila alfajiri bado kuna giza na naogopa njia ya peke yangu, na mchana jua la Moshi ni kali.

Mleta uzi

Usitoke peke yako gizani, mdogo wangu, hilo usilijaribu. Jumamosi sisi tupo wanne, wakiwemo wifi zangu wote wawili. Tunakutana Mnara wa Saa saa 12 na nusu, kukiwa kumeshapambazuka na watu wapo njiani, tunapanda taratibu kuelekea barabara ya hospitali ya KCMC na kurudi. Ukichoka tunasimama wote. Usinunue viatu vipya, vaa raba yoyote iliyokaa vizuri mguuni, beba maji, na kunywa uji kidogo kabla ya kutoka. Siku za katikati ya wiki tembea dakika 10 kuzunguka nyumba yako kama nilivyoanza mimi. Nitavaa kitenge cha kijani kiunoni, utaniona.